Shanga ya Kumi na Sita

Siku ya tatu ya matanga ya Athumani, huko Makorora, mtani wake mmoja kutoka Muheza alivaa kofia ya marehemu, akakunja vidole viwili vya mkono wa kulia ili ionekane havipo, akasimama mbele yetu wanaume tuliokaa mikekani. Mkononi alishika tasbihi ya kuazima. Akatazama juu, akaanza kuhesabu: "Moja, kulia! Mbili, kushoto! Tatu, ku..." kisha akanyamaza, akafumba macho na kutikisa kichwa taratibu kama anayesikiliza jambo la mbali. "Athumani, ipi sasa?" akajiuliza kwa sauti nyingine, nyembamba, ya mtu aliyeshikwa na hofu. Kimya. "Athumani, ndege yaanguka!" Kimya. Watu wakavunjika mbavu. Kwetu utani ndivyo ulivyo, mtani ana ruhusa yake hata msibani, na asipoitumia wafiwa hujiona wamedharauliwa. Hata Mwanakombo, binti wa marehemu, nilimsikia akicheka huko ndani kwa wanawake. Nami nilicheka. Nimekicheka kisa hicho kwenye harusi na misiba kwa miaka sitini, na kila mara nimecheka kwa sauti kubwa kuliko wenzangu, kwa sababu ile sauti ya pili, ya yule anayepiga kelele "ipi sasa", ni yangu mimi.

Sitaanza na babu zangu na kule walikotoka, maana hawakuhusika. Naanza na chumba. Kilikuwa nyuma ya karakana ya shamba la mkonge, upande wa Pongwe, chumba cha mabati chenye dirisha moja na meza moja ndefu iliyoungua madoa meusi kwa lehemu. Mchana joto lake lilikuwa la tanuri. Harufu ya mkonge uliokwanguliwa, ile harufu chachu isiyotoka kwenye nguo hata ufue mara ngapi, ilikuwa ikiingia na kukaa. Lakini kwangu mimi na Athumani chumba kile kilikuwa pepo. Tulikuwa vijana wa miaka ishirini na kidogo, tumetolewa kwenye korona, mashine kubwa inayokwangua majani ya mkonge na kubakiza singa, nyuzi zake. Pale mtu alilisha majani kwa mikono saa nane kutwa huku akiomba usingizi usimpitie. Bwana Kosta, Mgiriki aliyekuwa fundi mkuu, ndiye aliyetutoa ili tumsaidie kutengeneza redio za ofisini na za nyumba za wazungu. Chumbani tulikunywa chai ya rangi saa nne, tukala mahamri na mbaazi alizotuletea mama mmoja wa kambini, na hapakuwa na kitu cha kumeza vidole vyetu. Mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya korona hatanielewa nikisema kwamba ningefanya lolote nisirudi pale. Baadaye nilifanya.

Mwaka ule, miaka kadhaa kabla ya bendera kubadilishwa, Bwana Kosta alileta sanduku refu la mbao. Ndani yake mlikuwa na ndege. Si picha wala sanamu ya kuweka kabatini. Ndege ya kuruka, yenye injini ndogo kama ngumi ya mtoto, na redio tumboni mwake. Alikuwa amekuja nayo kutoka kwao, akaivunja mara ya kwanza tu alipoirusha, na sasa macho yake yalikuwa yamechoka: ikifika juu alisema anaiona nzi. Alitaka vijana wenye macho. Bawa lilikuwa limevunjika vipande vitatu, na ule mti wake mwepesi hatukuupata Tanga nzima. Athumani ndiye aliyekwenda mashambani akarudi na mlingoti wa mkonge, lile shina refu linalochanua mmea ukikaribia kufa. Ukikauka huwa mwepesi hata mtoto huubeba begani. Tukauchonga kwa wembe siku tisa. Kwa kuvika mabawa tulihitaji hariri, nami nikaenda kwa shangazi yangu, mshonaji, kumwomba shali yake nyekundu iliyokwisha toboka.

"Waitakia nini?" akaniuliza.

"Kuvisha ndege, shangazi."

"Ndege ana manyoya yake aliyopewa na Mola. Wewe ndiye uliye uchi, tazama suruali hiyo." Lakini alitupatia shali, na siku ya pili akaja mwenyewe kuishona, akiguna kila sindano ilipopita.

Sasa nieleze jinsi ndege ile ilivyosikia, maana bila hilo hakuna kisa. Sanduku la redio lilikaa chini, na kutoka kwake ulikuja waya wenye kitufe kimoja tu, nilichokishika mkononi. Ukikibonya na kukishikilia, usukani wa mkiani ulikwenda kulia; ukikiachia, ulirudi katikati. Ukikibonya mara ya pili, ulikwenda kushoto. Ya tatu kulia, ya nne kushoto, hivyo hivyo mpaka mafuta yaishe na ndege ishuke yenyewe. Kama ulitaka kulia na zamu ilikuwa ya kushoto, ulilazimika kugusa haraka ili kuiruka zamu moja, kisha ubonye upya. Kwa hiyo ilikupasa kujua wakati wote zamu ni ya upande gani, nawe macho yako yako mawinguni. Siku ya kwanza nilisahau hesabu kabla ya kufika kumi, ndege ikajitupa kichakani. Zaidi ya hayo tulisimama kama warusha tiara, upepo mgongoni, ndivyo mikono yetu ilivyozoea tangu utoto. Upepo ukaichukua mbele yetu, na nusura tuifuate mpaka Muheza. Bwana Kosta alitutukana Kigiriki, kisha akatugeuza mabega kwa mikono yake, nyuso zetu zikaelekea upepo.

Athumani ndiye aliyepata dawa ya hesabu. Alikuwa amesoma Kurani chuoni kuliko sisi wote, kambini walimwita Maalimu, na tasbihi haikumtoka mfukoni. "Wewe tazama juu," aliniambia. "Mimi nitasikiliza kitufe. Kila kikilia, nasukuma shanga moja. Witri ni kulia, shufwa ni kushoto."

"Si dhambi, Maalimu?"

"Dhambi ni kumwangushia mtu kichwani."

Akatunga tasbihi nyingine kwa mbegu nyeusi, ya kazi hiyo tu. Alisimama kushoto kwangu, akasikiliza mlio wa kitufe, akataja hesabu na upande unaofuata, na kwa kuwa injini ilikuwa na kelele aliinua na mkono wa upande huo, ili nikimtupia jicho nione. Jumapili baada ya Jumapili, asubuhi baada ya chai, tulirusha kwenye uwanja ulio kati ya karakana na kamba za kuanikia singa. Tukawa mtu mmoja mwenye mikono minne. Sijawahi tena kumwamini binadamu kwa kiasi kile, hata mke wangu, Mungu amrehemu, ambaye alijua hivyo na hakuninunia.

Ikafika habari kwamba mwenye shamba atakuja, na Bwana Kosta akataka kumwonyesha ndege. Siku chache kabla, nilikuwa peke yangu chumbani nikisafisha valvu, Athumani kaenda kuswali adhuhuri. Upande wa pili wa mabati Bwana Kosta alikuwa akizungumza na karani wetu, Mgoa, kwa Kiswahili, lugha pekee waliyoshirikiana. "Kosta," karani alisema, "ofisi yasema mtu mmoja. Mmoja asomee redio, mwingine arudi korona." Nikaacha kufuta. Bwana Kosta akasema, "Nitaona ile siku. Nani bora, nani mbovu." Nilikaa na kitambaa mkononi mpaka Athumani aliporudi, miguu yake imelowa udhu, akanipa kipande cha mhogo wa kuchoma. "Vipi, yakhe, umeona jini?" akauliza. Nikamwambia ni joto. Ningeweza kumwambia. Nilikuwa na siku nne za kumwambia, na kila siku nilikula mhogo wake.

Siku yenyewe ilipangwa saa nane, adhuhuri imepita na alasiri bado iko mbali. Mwenye shamba alichelewa. Tulisimama juani, ndege mbele yetu, mafuta yake yakinuka kama wodi ya hospitali, na wanawake wanaoanika singa wakasimamishwa kazi ili watazame, wakajipanga kandokando ya kamba zao upande wa kushoto wa uwanja. Saa tisa ikapita. Gari lilipofika, vivuli vilikuwa vimeanza kurefuka. Athumani akanivuta mkono. "Hemedi, tungoje adhana ipite."

"Ni dakika chache tu."

"Nitanyamaza ikianza, wajua."

Nilijua. Tangu utotoni Athumani hakuwahi kuzungumza adhana ikisomwa. Husimama, huitikia kimoyomoyo, huendelea ikiisha. Hata Bwana Kosta alijua. Lakini mwenye shamba alikuwa akitazama saa yake, na Bwana Kosta alikuwa akinitazama mimi, na mimi nilikuwa naiona korona. Nikasema, "Twende." Nikaiwasha injini, ikaunguruma, ndege ikapaa.

Niseme ukweli, ilipaa vizuri kuliko siku zote. Niliizungusha juu ya karakana, nikaipitisha mbele ya mwenye shamba, watu wakapiga vigelegele. Athumani akataja pale kando yangu, sauti tulivu: "Kumi na moja, kulia. Yaja kushoto. Kumi na mbili, kushoto. Yaja kulia." Jasho lilinitiririka mgongoni. "Kumi na nne, kushoto. Yaja kulia." Hapo mafuta yakaisha. Injini ikakohoa, ikazima, na katika ukimya ule wa ghafla, kutoka msikiti mdogo wa kambini, nikasikia muadhini akianza.

Athumani akanyamaza.

Ndege ilikuwa imetupita juu ya vichwa, inakwenda mbele yetu bila sauti, ikishuka. Kulia kwake kulikuwa kulia kwetu, hapo hapakuwa na utata. Upepo uliisukuma kidogo kushoto. Nikaogopa. Kidole changu kikagusa kitufe, mguso mfupi kama wa mtu anayepima chai kama ni ya moto, mkia ukatikisika, nikaachia. Sikukusudia, lakini niligusa. Ilikuwa kumi na tano. Kisha upepo ukaisukuma tena, na safari hii nikaona wazi inaelekea kwenye kamba za singa, kwenye wanawake, ikiwa juu kama minazi miwili na kushuka. Ilihitaji kwenda kulia, sasa hivi. "Ipi?" nikapiga kelele. "Athumani, ipi sasa?" Nikamtupia jicho. Macho yake yalikuwa chini, midomo ikimwitikia muadhini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu.

Mkono wa kushoto. Maana yake zamu ni ya kushoto, iruke kwanza. Nikasema moyoni, huyu yuko kwenye adhana, hayuko hapa. Neno lake la mwisho lilikuwa "yaja kulia", nalo nimelisikia kwa masikio yangu. Nikabonya kwa nguvu zote, nikashikilia, nikiamini. Ndege ikainama kushoto kama iliyoitwa na wale wanawake.

Wengi walijitupa chini. Bawa lilikatwa na kamba, na injini ikachomoka na kumpiga Bi Saumu juu ya jicho, mama mtu mzima, ndiye aliyekuwa akituletea mbaazi. Nilimwona akikaa chini polepole, kiganja usoni, damu ikipita katikati ya vidole. Hakufa, wala jicho halikupotea. Alibaki na kovu, na aliendelea kunisalimu vizuri kila tulipoonana, jambo ambalo lilinitesa kuliko kama angenitukana. Adhana ilikuwa imeisha. Bwana Kosta akaja mbio, uso mwekundu, akasimama kati yetu. "Nani kapoteza hesabu?"

Wakati huo nilikwisha kumbuka ule mguso. Sitasema nilichanganyikiwa, kwa sababu akili yangu haijawahi kuwa safi kama dakika ile. Nilijua kwamba niligusa mara moja bila kusema, na kwamba mkono wa Athumani ulikuwa sahihi. Nikasema, "Alinyamaza, bwana. Nilimwuliza, akanyamaza."

"Kweli ulinyamaza?"

Athumani hakumtazama Bwana Kosta. Alinitazama mimi, muda mrefu, na tasbihi imefungwa ndani ya ngumi yake. "Nilinyamaza, bwana," akasema. "Adhana ilikuwa ikisomwa."

Jumatatu alirudi korona, na mimi nikabaki chumbani. Niliona haya, na nilifurahi. Kabla ya masika kuisha mashine ikamchukua vidole viwili vya mkono wa kulia. Nilikwenda kumwona Makorora, kwao, chumba cha uani chenye kitanda cha kamba. Mama yake alitupikia bada, ugali wa mhogo, kwa mchuzi wa ng'onda, samaki wa kukausha, akatuacha. Mkono ulikuwa umefungwa kitambaa, akila kwa shida kwa vidole vilivyobaki. Nikaanza: "Athumani, siku ile..."

"Kula, yakhe. Bada yapoa."

Nikala. Nilikuwa nimekwenda na maneno yote, nimeyapanga njia nzima tangu Pongwe, na nikayameza pamoja na tonge. Mwezi uliofuata nilipelekwa kusomea redio, na kazi hiyo ndiyo iliyonilisha, ikanijengea nyumba, ikasomesha wanangu, mpaka nikastaafu. Athumani alipotoka shambani alifundisha chuo uani kwake, watoto wa mtaa, na kisa cha ndege kikamfuata. Walimwita Bwana Hesabu. Alicheka nao. Nilipomletea redio niliyoiunda kwa mikono yangu, aliipokea kwa mkono wa kushoto, akasema, "Hii sasa nitaisikiliza bila kuhesabu," watu wakacheka tena, nikacheka mimi zaidi.

Basi siku ile ya tatu, watu walipotawanyika baada ya chakula, Mwanakombo alinifuata barazani. Ana wajukuu sasa, lakini kwangu bado ni mtoto.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba kaacha amana yako. Alisema usipewe mbele za watu." Akanipa kopo la biskuti lililopata kutu. Ndani mlikuwa na tasbihi ya mbegu nyeusi, na kwenye mbegu moja umefungwa uzi mwekundu wa hariri, umepauka. Niliujua uzi ule. Ulitoka kwenye shali ya shangazi yangu.

"Ndiyo ile aliyopotezea hesabu, eti?" Mwanakombo akauliza, akitabasamu. "Maskini baba. Hakukubali kuitupa."

Nikaanza kuhesabu tangu mwanzo, mbegu moja moja, kwa vidole vyangu vya mzee. Nilitumaini uzi utakuwa kwenye ya kumi na nne, pale aliponyamaza. Ingekuwa hivyo ningepumua, ningesema hata yeye hakuusikia ule mguso. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na tano, ambayo niliigusa na kuikana. Uzi ulikuwa kwenye ya kumi na sita. Ulimi wake ulinyamaza, lakini kidole hakikunyamaza. Alisikia kila mlio, akasukuma shanga, akajua nilichofanya hata kabla Bwana Kosta hajatufikia. Alijua akiwa korona. Alijua akila bada mbele yangu kwa mkono uliofungwa. Kwa nini hakusema, mpaka leo sijui, na sina haki ya kumsemea.

"Vipi, ami? Walia?"

Nikafungua mdomo, na hapo kipaza sauti cha msikiti wa mtaa kikakohoa, adhana ya alasiri ikaanza. Mwanakombo akavuta mtandio kichwani, akatulia kama baba yake alivyotulia. Nami nikanyamaza. Niliitikia kila neno, sikuruka hata moja, na kidole changu kilikuwa kwenye uzi. Ilipokwisha, nikamshika mkono.

"Kaa, mwanangu," nikamwambia. "Kisha niitie na yule mtani, na waliobaki wote. Baba yako hakupoteza hesabu."